Arusha na Vita vya Warundi

Mwezi Juni 1998 wanasiasa wa Burundi walikutana Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Katika majengo hayohayo mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hukumu ya Jean-Paul Akayesu ilikuwa imebakiza miezi isiyofika mitatu kutolewa. Wajumbe wa Burundi hawakuwa na haja ya kusimuliwa yaliyokuwa yakisemwa mahakamani. Kwao mauaji yalikuwa bado yanaendelea, na baadhi yao waliingia ukumbini wakijua kwamba watakaa na watu wanaowashuku kuua ndugu zao. Aliyewakalisha pamoja alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzee wa miaka 76.

Ugomvi wao haukutokana na tofauti ya lugha wala dini. Wahutu, Watutsi na Watwa husema Kirundi, wameishi milima ileile tangu enzi, na walimtii Mwami mmoja. Juu yao walikuwapo Baganwa, ukoo wa kifalme, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Palikuwa na wakubwa na wadogo, wenye ng'ombe na wasio nao, na dhuluma za kila utawala wa kale. Wabelgiji, waliokabidhiwa nchi baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, waliwaondoa machifu Wahutu na kuwaachia nafasi hizo Baganwa na Watutsi. Uhuru ulipokaribia, serikali ndiyo iliyokuwa na ajira, shule, bunduki na bei ya kahawa. Aliyefungiwa nje ya serikali alifungiwa nje ya maisha yote ya kisasa.

Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, aliiona hatari hiyo mapema. Chama chake cha UPRONA kilikusanya watu wa kila upande, na miongoni mwa wafuasi wake wa kwanza walikuwamo Waswahili wa Bujumbura, wafanyabiashara na mafundi wa mitaa kama Buyenzi, ambao kwao Uislamu na Kiswahili vilikuwa na uzito kuliko kabila. Mwezi Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore alipigwa risasi akiwa kwenye mkahawa kando ya Ziwa Tanganyika. Mpigaji alikuwa Mgiriki aliyeitwa Kageorgis, naye alitumwa na wapinzani wa kisiasa wa Rwagasore. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila mtu pekee ambaye pande zote zilimkubali.

Miaka minne iliyofuata ilikula kila kilichobaki cha umoja huo. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa Januari 1965. Jaribio la mapinduzi la Oktoba mwaka huo likafuatiwa na kuuawa kwa wanasiasa na maofisa wengi Wahutu. Mwaka 1966 ufalme ukafutwa na Kapteni Michel Micombero akatwaa madaraka. Tangu hapo hadi 1993 nchi iliongozwa na wanajeshi watatu, Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, wote Watutsi, na wote wazaliwa wa tarafa moja ya Rutovu huko Bururi. Si haki kusema kwamba Watutsi wote walitawala. Kikundi cha maofisa kutoka kona moja ya nchi kilitawala, na mkulima Mtutsi wa Muramvya alilima kwa jembe lilelile alilolimia jirani yake Mhutu. Lakini siku ya hatari ilipofika, mkulima huyo naye alihesabiwa katika kundi la watawala.

Siku hiyo ilifika tarehe 29 Aprili 1972. Waasi Wahutu walishambulia maeneo ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi waliowakuta. Jibu la serikali halikuishia kwa waasi. Wanajeshi na vijana wa chama waliwafuata Wahutu waliosoma popote walipokuwa: walimu, wauguzi, makarani, mapadri, wanafunzi wa chuo kikuu na hata wa sekondari. Majina yaliandikwa kwenye orodha, watu wakapakiwa kwenye malori, na hawakurudi. Idadi ya waliouawa inakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Shule zilibaki bila walimu, na wazazi wengi Wahutu hawakuthubutu tena kupeleka watoto shule, kwa kuwa kalamu ilikuwa imegeuka sababu ya kufa. Mataifa makubwa yalijua na yakanyamaza.

Sisi wa Tanzania tuliyapokea matokeo ya mwaka huo. Makumi ya maelfu walivuka mpaka na kupewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, wakazaa watoto waliokua wakisema Kiswahili. Huko Mishamo, mwaka 1980, ndiko kilikozaliwa Palipehutu, chama kilichoamini kwamba Mhutu hatapata haki bila silaha. Mtoto aliyekulia kambini alirithi simulizi ya 1972 nzima, na ng'ambo ya mpaka mtoto wa Kitutsi alikuwa akirithi hofu kwamba wale waliokimbia wakirudi, watarudi kulipiza. Kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kuthibitisha hofu yake. Mpatanishi yeyote aliyedhani hofu hizo ni propaganda tupu alishindwa kabla ya kuanza.

Buyoya, baada ya mauaji mengine ya Ntega na Marangara mwaka 1988, alianza kufungua milango. Aliweka Wahutu wengi katika baraza la mawaziri, akaruhusu vyama vingi, na tarehe 1 Juni 1993 akakubali kushindwa kwenye uchaguzi wa rais. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alipata takriban asilimia 65 ya kura. Alimteua Mtutsi wa UPRONA, Sylvie Kinigi, kuwa waziri mkuu. Lakini alikuwa na ikulu bila jeshi. Tarehe 21 Oktoba, baada ya miezi mitatu tu madarakani, wanajeshi walimchukua na kumuua. Vijijini Wahutu wakawageukia majirani zao Watutsi kwa mapanga na moto, na baadhi ya viongozi wa FRODEBU wa maeneo hayo walishiriki. Jeshi nalo likaingia vijijini kuua Wahutu. Mrithi wa Ndadaye, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 ndani ya ndege moja na Rais Habyarimana wa Rwanda, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam.

Vita vilivyoanza hapo vilichukua maisha ya watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Bujumbura iligawanywa mtaa kwa mtaa: Kamenge na Kinama za Wahutu, Ngagara na Musaga za Watutsi. Mwaka 1995 hata Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyozoea kuchanganya watu, ilivamiwa na wakazi wake kutimuliwa.

Nyerere alianza upatanishi kwa vikao vya UPRONA na FRODEBU mjini Mwanza, Aprili na Juni 1996. Wakuu wa nchi za ukanda huu walipokubaliana Arusha mwezi Juni kuhusu kikosi cha kusaidia usalama, jeshi la Burundi liliona linanyang'anywa nguvu. Tarehe 25 Julai Buyoya akapindua serikali na kurudi ikulu. Siku sita baadaye majirani wakafunga mipaka. Nchi isiyo na bahari, inayotegemea bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati na meli za Kigoma, ilijikuta imezuiwa kusafirisha kahawa na kuingiza mafuta. Vikwazo hivyo vilimbana Buyoya kisiasa, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba viliwabana zaidi wagonjwa na wakulima, huku magendo yakiwatajirisha wenye vyeo. Viliondolewa Januari 1999, na naamini vilipaswa kulegezwa mapema zaidi, mara tu Buyoya alipokubali kuja mezani.

Meza yenyewe ilikuwa kubwa mno. Pande zilizokaa zilifika 19: serikali, bunge, na vyama 17, vingine vikiwa na wafuasi wa kuhesabika. Baadaye vilijikusanya, vyenye Wahutu wengi vikaitwa G7, vyenye Watutsi wengi G10. Kila ujumbe ulilipwa posho, na Warundi nyumbani walinung'unika kwamba wanasiasa wao wananenepa Arusha wakati raia wanakufa. Buyoya na wenzake hawakumwamini Nyerere. Walimwona kama mwenyeji wa maadui zao, kwa sababu wakimbizi na waasi walikuwa Tanzania. Kosa kubwa zaidi la Mwalimu, kwa maoni yangu, lilihusu waasi. Mwezi Mei 1998 wapiganaji wa CNDD-FDD walimwacha kiongozi wao Léonard Nyangoma na kumfuata Jean-Bosco Ndayikengurukiye. Nyerere hakutaka kuwazawadia waliopindua viongozi wao, akamkalisha Nyangoma. Palipehutu nayo ilikaa mezani ilhali wapiganaji wake, FNL, walikuwa msituni na amri yao wenyewe. Hivyo waliozungumza hawakuwa na bunduki, na wenye bunduki hawakuzungumza.

Hata hivyo katika kamati ilifanyika kazi ambayo bado nashangaa ilivyowezekana. Kamati ya kwanza, chini ya Armando Guebuza wa Msumbiji, iliagizwa ijibu swali ambalo kila mtu alilikwepa: mgogoro huu ni wa nini? Nicholas Haysom wa Afrika Kusini alishika kamati ya demokrasia na utawala bora. Padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio alishika amani na usalama, na Georg Lennkh wa Austria akashika ujenzi mpya na maendeleo. Kamati ya Guebuza ilibishana miezi na miezi kuhusu karne zilizopita, maana kila chama kilikuja na historia yake. Mwisho waliandika kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa, una sura nzito ya kikabila, na chanzo chake ni tabaka la wanasiasa linalogombania kuingia madarakani au kubaki humo. Fikiri walioandika ni nani. Ni wanasiasa wenyewe, waliojitaja kuwa chanzo cha vita, wakatia saini.

Mwalimu hakuiona siku hiyo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwezi Desemba viongozi wa ukanda walimwomba Nelson Mandela achukue nafasi yake, huku Jaji Mark Bomani na wenzake waliofanya kazi na Nyerere wakiendelea na shughuli.

Mandela hakuwa na muda wa kusubiri. Kwenye kikao chake cha kwanza Arusha, Januari 2000, aliwakemea wajumbe hadharani kwa kukosa uchungu na watu wao. Serikali ilikuwa imewasomba mamia ya maelfu ya wakulima Wahutu wa kandokando ya Bujumbura na kuwaweka kambini kwa kisingizio cha usalama, naye alidai kambi hizo zivunjwe. Aliwaita waasi waliokuwa wameachwa nje. Kisha akagusa kiini chenyewe, jeshi. Alimwambia Buyoya wazi kwamba hakutakuwa na amani ikiwa jeshi litabaki la Watutsi, na katikati ya mwaka 2000 Buyoya akakubali nusu kwa nusu. Kwa mtu aliyeishi 1972 au 1993, hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Mhutu alitaka jeshi lisilomuua rais wake, Mtutsi akataka jeshi ambalo halitakaa pembeni akichinjwa. Nusu kwa nusu ilimpa kila mmoja sababu ya kulala usingizi.

Wanawake walilazimika kupigania hata viti vya nyuma. Vyama vilikataa wawe na ujumbe wao, vikisema hawawakilishi upande wowote wa vita, kama kwamba mjane si upande. Mwezi Julai 2000, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake na Taasisi ya Mwalimu Nyerere, walifanya mkutano wao Arusha, Wahutu na Watutsi pamoja, wakatoa mapendekezo ambayo mengi yaliingia kwenye mkataba. Dai lao la asilimia 30 ya viti lilikataliwa. Miaka mitano baadaye likaandikwa kwenye katiba.

Tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Mandela, marais wa ukanda na Bill Clinton wa Marekani, Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ulitiwa saini. Kati ya pande 19, zilizosaini siku hiyo zilikuwa 13. Zilizobaki, za Kitutsi, zilivutwa moja moja na kusaini kabla Septemba haijaisha, baadhi zikiwa na ukurasa wa mambo zisiyoyakubali. Hapakuwa na usitishaji wa mapigano. Hapakuwa na makubaliano ya nani ataongoza kipindi cha mpito. Wapo waliosema wakati ule kwamba huo ni mkataba wa karatasi, na kwa mtu wa Kamenge au Bubanza aliyesikia mabomu wiki hiyohiyo maneno yao yalikuwa na ushahidi wa kutosha.

Mandela alimaliza swali la uongozi Julai 2001: Buyoya miezi 18, kisha Domitien Ndayizeye wa FRODEBU miezi 18. Serikali ya mpito ilianza tarehe 1 Novemba 2001, na wanajeshi wa Afrika Kusini wapatao 700 walikwenda kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni. Watu wengi hawakuamini kwamba Buyoya angeondoka. Tarehe 30 Aprili 2003 aliondoka. Miezi michache baadaye FNL wakaushambulia mji wa Bujumbura, na wakazi wakakimbia kwa maelfu. Jacob Zuma, aliyekuwa makamu wa rais wa Afrika Kusini, ndiye aliyebeba mazungumzo na CNDD-FDD, sasa ikiongozwa na Pierre Nkurunziza. Pretoria walikubaliana kuhusu mgawanyo wa vyeo na jeshi, Oktoba 2003, na tarehe 16 Novemba mkataba kamili wa kusitisha vita ukasainiwa Dar es Salaam. FNL walibaki msituni. Tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya wakimbizi ya Gatumba ilivamiwa na zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge kutoka Kongo. FNL walitangaza kwamba wao ndio waliohusika. Walikuja kukubali kusitisha vita Septemba 2006, tena Dar es Salaam, na wakaweka silaha chini kwa kusuasua hadi 2009.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 iliugeuza Mkataba wa Arusha kuwa sheria. Wabunge wa Kihutu asilimia 60, wa Kitutsi 40, Watwa watatu. Seneti nusu kwa nusu. Jeshi na polisi, kabila lolote lisizidi nusu. Kila chama kiliwajibika kuchanganya wagombea wake, kwa hiyo CNDD-FDD, jeshi la msituni la Wahutu, ilibidi itafute Watutsi wa kuwaweka bungeni kwa jina lake. Wapo wanaolaumu kwamba mpango huu umeyafanya makabila kuwa ya kudumu. Sikubaliani nao. Makabila yalikuwa yakihesabiwa tangu zamani gizani, kwenye orodha za malori. Arusha iliyahesabu mchana, ili yasiuane.

Ushahidi upo katika jeshi lenyewe. Waliokuwa wakiwindana huko Tenga na katika msitu wa Kibira walivaa sare moja, wakala chakula kimoja, na kuanzia mwishoni mwa 2007 walikwenda Somalia pamoja chini ya Umoja wa Afrika. Ulipofika mtihani wa 2015, Nkurunziza, ambaye sasa alikuwa rais, alipogombea muhula wa tatu ambao wapinzani wake walisema unavunja mkataba, nchi ilipasuka kwa namna mpya. Waandamanaji walikuwa Wahutu na Watutsi. Jenerali Godefroid Niyombare, aliyetangaza mapinduzi tarehe 13 Mei wakati Nkurunziza yuko mkutanoni Dar es Salaam, alikuwa Mhutu na mwenzake wa msituni. Mwaka mmoja kabla, bungeni, jaribio la kubadili katiba lilishindwa kwa kura moja, kwa sababu Arusha ilitaka wabunge wanne kati ya kila watano, na hesabu haikutimia. Damu ilimwagika, mamia ya maelfu wakakimbilia kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli huku Kigoma. Lakini majirani hawakuchinjana milimani kama 1993, ingawa wapo viongozi waliojaribu kuwachochea.

Kilichoshindwa mwaka 2015 ni kile Guebuza na kamati yake walichokitaja: wanasiasa na madaraka. Mzee Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alijaribu kuwakalisha tena Arusha kuanzia 2016, na serikali ya Bujumbura ikakataa kukaa na wapinzani wake wa uhamishoni. Katiba ya 2018 ilipunguza idadi ya kura zinazotakiwa kupitisha sheria za kawaida, na kwa hiyo ikadhoofisha sauti ya wachache. Nkurunziza alifariki Juni 2020, akarithiwa na Évariste Ndayishimiye, mpiganaji mwenzake wa zamani.

Sehemu nyingine ya mkataba haikutimizwa kabisa. Arusha iliahidi tume ya ukweli na maridhiano, na pia kuuomba Umoja wa Mataifa uunde mahakama kwa ajili ya makosa makubwa. Mahakama haikuundwa. Tume ilipata sheria yake mwaka 2014, na mwanzoni mwa 2020 ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 karibu na mto Ruvubu huko Karuzi. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba yaliyotendwa 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Familia hizo zilisubiri nusu karne kusikia hivyo, nami nafurahi kwamba zimesikia. Lakini Watutsi waliochomwa na kukatwakatwa Oktoba 1993 nao wana watoto na wajane walio hai, wanaolalamika kwamba koleo la tume haliwafikii.

Tanzania, Kenya, Uganda, Afrika Kusini na wengine walikuwa mashahidi na wadhamini wa kazi ya Arusha. Tuna wajibu kwa wafiwa wa pande zote. Tuidai tume ifukue makaburi ya 1993 kwa bidii ileile iliyofukua ya 1972, na tusimrudishe kwa nguvu mkimbizi yeyote wa Nyarugusu au Nduta ambaye bado anaogopa kurudi.